Nzuri, Ila

Ukitaka kumchefua Daktari wa Macho, mwambie habari ni nzuri halafu ukae kimya.

Nimepanga naye nyumba moja hapa Handeni mjini, chumba changu na chake vinagawana ukuta, na ukuta wenyewe mwembamba, ukipiga chafya upande huu, wa upande wa pili anakujibu "afya". Mimi ni fundi simu. Shule nilimaliza darasa la saba, na yenyewe ikanimaliza. Yeye ni daktari. Kwao nasikia ni milimani, Lushoto huko, lakini habari za kwao sikuwahi kumuuliza na yeye hakunisimulia, kwa hiyo yaliyo kwao tuyaache kwao. Mimi namjua wa uani. Wa kwenye kamba ya nguo, wa kwenye foleni ya choo, wa kukaa kwenye benchi la kibanda changu akisubiri simu ambayo haina ubovu.

Kitu cha kwanza utakachokiona kwake ni kwamba hakuangalii. Mtu kazi yake macho, siku nzima anamulika watu na tochi, lakini akiongea na wewe anaangalia sikio. Nilidhani sikio langu lina kasoro, nikawa nalisugua kila nikioga. Mwisho nikamuuliza.

"Dokta, mbona huniangalii usoni? Nakudai?"

"Nikikuangalia usoni naanza kazi," akasema. "Na saa hizi nimetoka kazini."

Ni kweli. Tulienda naye harusi moja hapo mtaani, watu wanacheza, wanatunza, yeye kakunja uso. Nikamwambia, dokta, harusi hii, siyo kliniki. Akaninong'oneza, "Baba wa bibi harusi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Hapo anamtunza mpishi akidhani ni binti yake." Nikacheka mpaka nikamwaga soda. Yeye hakucheka. Aliinuka akaenda kumshika yule mzee mkono, akamgeuza taratibu upande wenye binti.

Miwani yake mwenyewe ina mkono mmoja uliogandishwa kwa gundi, gundi ya kwangu, ya kubandikia vioo vya simu. Anawaambia watu wasinunue miwani ya mtumba, na yeye ya kwake sijui ni ya mkono wa ngapi. Anawaambia watu wale mchicha, karoti, papai. Yeye anasonga ugali wa watu wawili, nusu anakula jioni, nusu analala nao mpaka asubuhi anywe nao chai. Kuku anawaogopa. Simtanii. Mwanamke mmoja wa Mazingara alimletea jogoo wa shukrani, kamfunga miguu, dokta akasimama mlangoni kama mtu aliyeletewa nyoka. Ilibidi nimpokelee mimi. Niliendelea kumpokelea mpaka sahani ya mwisho.

Nikisema Mazingara namaanisha ule mkoba wake. Huwa wanaiita huduma ya mkoba: daktari anabeba vifaa vyake, anaenda kijijini, anakaa kwenye zahanati ya watu, anapima. Wenye mtoto wa jicho wanaletwa hospitali, anawapasua yeye mwenyewe, kesho yake anafungua bandeji, wanarudi makwao. Hiyo ndiyo kazi yake. Upande wetu huu alikuwa peke yake. Mwenzake wa Korogwe alipoenda kusoma, na Korogwe wakambebesha yeye. Wakamwambia ni kwa muda. Muda huo mpaka leo unaendelea.

Kuna ile karatasi ya kupimia, ina herufi moja tu, E, kubwa juu, inazidi kuwa ndogo kwenda chini, nyingine zimelala, nyingine zimesimama kichwa chini. Unaziba jicho moja, unaonyesha miguu ya E inaangalia wapi. Watu wanaiita meza, kwa sababu ya hiyo miguu. Sasa siku moja Mazingara foleni ilikuwa imepita chini ya dirisha, na wanaotoka ndani wakawa wanawasaidia wenzao, maana si unajua watu wetu, hawapendi mwenzao afeli. Mzee mmoja akaingia, hata hajaziba jicho, akatoa yote: "Kulia, chini, kushoto, juu, juu."

"Mzee, bado sijakuuliza."

"Najua. Nakupunguzia kazi."

Dokta akaigeuza karatasi kichwa chini. Foleni nzima ikafeli. Wakaenda watu watatu kwa mtendaji wa kata kulalamika kwamba daktari kabadilisha mtihani katikati.

Alinisimulia hiyo uani, anafua, nikagaragara. Halafu akasema kitu ambacho siku ile nilikipita tu. Alisema, "Tatizo la watu wetu, fundi, siyo uongo. Ni heshima. Mtu amekuona umetoka mbali, umechoka, una vumbi mpaka kope. Anaona vibaya kukujibu vibaya."

Watu wanadhani daktari ni mtu mwenye hela. Mama mwenye nyumba akikosa chenji anamtuma mtoto kwa dokta. Wakati huo dokta mafuta ya pikipiki ya kwenda mkoba mara nyingine anaweka mwenyewe, nauli ya bibi aliyetelekezwa hospitali na ndugu zake anatoa mwenyewe, na milimani kuna watoto wanasubiri ada. Mkewe anapiga simu jioni. Wanaongea Kishambaa, haraka haraka, mimi ukutani nashika neno mojamoja. Kuna maneno hayana Kishambaa, kama ada, kama bima, kama mkopo. Simu ikikatwa, dokta anawasha redio. Nilikuja kugundua haisikilizi. Siku moja ilikuwa inakoroma tu, haijashika stesheni, na yeye kaiacha hivyo hivyo mpaka betri ikafa.

Sasa niwaambie habari ya bibi wa Mashewa, kwa sababu bila huyo, dokta hamtamwelewa.

Bibi aliletwa na mjukuu wake. Macho yote mawili yana ukungu, dokta akapasua la kulia kwanza. Kazi ikaenda vizuri. Kesho yake bandeji ikafunguliwa, bibi akaona, akacheza kidogo hapo hapo, akapewa dawa ya matone, akarudi Mashewa. Baada ya siku kadhaa dokta akampigia mjukuu, akaomba apewe bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Habari ya huko?"

"Nzuri. Habari ya jicho?"

"Nzuri."

Simu ikakata. Mashewa mtandao unakuja na kuondoka kama mwenye madeni. Dokta akajaribu tena, haipatikani, akasema basi, jicho zuri, akaendelea na foleni.

Sasa wewe unayejua kusalimiana unajua. Hakuna mtu aliyelelewa anayejibu "mbaya". Hata mwenye msiba ukimuuliza habari anakwambia nzuri, ila tumefiwa. Nzuri ni mlango tu. Habari yenyewe inakaa nyuma ya "ila". Bibi wa watu alisema nzuri kama alivyofundishwa na mama yake, akavuta pumzi aseme, ila linaniuma sana, ila limekuwa jekundu, ila ile nuru imeanza kupotea. Mtandao ukaondoka na "ila" yake. Bibi akaongea na simu iliyokufa, akamaliza, akamrudishia mjukuu. Akasema, "Nimemwambia daktari. Atakuja." Akakaa kumsubiri.

Alipokuja kuletwa, usaha ulishajaa ndani. Dokta aliuza pikipiki yake, akampeleka hospitali kubwa ya mbali. Sisi hakutuambia ameuza. Alisema, "Nimeipumzisha." Jicho halikupona.

Hapo ndipo alipoanza kuniletea simu. Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, anaiweka juu ya meza yangu.

"Hii simu inakata. Iangalie."

Nikaifungua, nikaipima kila kitu. Nzima. Nikamwambia nzima. Akaondoka. Baada ya siku chache kairudisha. Fundi, iangalie vizuri, inakata katikati ya maneno. Nikaifungua tena, nzima. Mara ya tatu nikamwangalia alivyosimama, kashika ukingo wa meza yangu kwa mikono yote miwili, nikaelewa kwamba huyu mtu hataki simu ipone. Anataka nimwambie ina ubovu. Simu ikiwa na ubovu, basi kuna mwingine wa kulaumiwa. Fundi mwingine angembadilishia maiki, ampige na hela. Mimi nikamwambia, "Dokta, mtandao wa Mashewa siwezi kuufungua na bisibisi." Akakaa kwenye benchi, akaanza kuangalia magari.

Tangu hapo akawa mtu wa "ila". Unamsalimia, unajibu nzuri, anasimama hapo hapo. Anasubiri.

"Ila?"

"Ila nini dokta?"

"Sijui. Malizia."

Dukani, bombani, msikitini kwenye viatu. Watu wakaanza kumkwepa. Wengine wakasema kaanza kuchanganyikiwa. Mama mwenye nyumba akasema huyu anataka umbea kama sisi tu, aseme, apewe kigoda akae. Mimi nikimwona anakuja namwahi, "Nzuri ila njaa, nzuri ila mama mwenye nyumba, nzuri ila Simba kafungwa," ananiangalia sikio, anapita. Siku moja tu nilimwona kapata alichokuwa anatafuta. Muuza mkaa alipita uani, dokta akamwuliza habari, jamaa akasema nzuri. "Ila?" Jamaa akafungua mdomo kucheka, badala ya kicheko likatoka jambo lingine kabisa. Mke kaondoka, mtoto anaumwa, yeye hajalala sijui tangu lini. Akaongea yote. Dokta alikuwa amesimama na gunia la mkaa mikononi, hakulitua mpaka mtu kamaliza.

Lakini yeye ukimuuliza?

"Dokta, habari za kazi?"

"Nzuri."

"Ila?"

"Hamna ila, fundi. Nzuri."

Na kupasua akaacha. Hakutangaza. Alianza kuwaambia wenye mtoto wa jicho waende Tanga, waende Moshi. Wazee wanasema sawa daktari, ahsante daktari, wanatoka nje wanarudi Mazingara, wanarudi Mashewa, wanakaa kwenye mikeka yao na giza lao. Nani ana nauli ya Moshi? Yeye anajua. Aliwahi kuniambia kibandani, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei, kwamba anafikiria kuomba ahamishiwe stoo ya dawa.

"Ukafanye nini stoo?"

"Nihesabu vidonge."

"Na macho ya watu?"

"Vidonge havikuangalii, fundi."

Nilikuwa na utani wa kujibu hapo, mzuri kweli, nikaumeza. Kwa sababu akiondoka huyu, hakuna mwingine. Siyo kwamba kuna mwingine mbovu. Hakuna.

Mwaka huu nilienda Korogwe kununua vioo vya simu. Narudi stendi natafuta gari la Handeni, nikamkuta dokta kakaa kwenye tofali karibu na wauza matunda, begi mapajani. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikakaa tofali la pili. Alikuwa ametoka kwenye kikao. Watu wa macho wa mkoa mzima waliitwa, kwa sababu muuguzi mmoja wa macho wa wilaya nyingine alikuwa kaacha kazi bila kuaga, kafunga chumba akaondoka, funguo kaziacha mlangoni. Wakubwa wakashtuka, wakasema hebu tukae tuulizane hali.

"Mkaulizana?"

"Tulizunguka meza nzima. Mmoja mmoja. Habari za kazi? Nzuri. Wewe? Nzuri. Wewe? Nzuri tu."

Nikaanza kucheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa pua.

"Wakafika kwangu, na mimi nikasema nzuri. Halafu, fundi, nikajikuta nasubiri. Nimeshasema, natakiwa nikae, nasimama tu. Watu wote wananiangalia. Nikasema, ila nimeua jicho la mtu."

Muuza machungwa alikuwa anatupigia kelele tununue. Nikamnunulia mawili ili anyamaze.

Akaniambia baada ya yeye kusema, mtu akainuka akazima feni. Halafu mama mmoja mtu mzima, muuguzi, karibu anastaafu, akasema ila mimi huwa nalia chooni nafungulia bomba wasinisikie. Mwingine akasema ila mimi hela ya kodi nilimpa mgonjwa, nalala kwa shemeji. Kikao cha saa moja kikaenda mpaka chakula kikapoa. Mwisho wakakubaliana wawe na mfuko wao, kila mtu anachangia kidogo, ili mmoja akipata ajali ya kazi asiuze pikipiki peke yake. Na wakakubaliana jambo la pili: kila mmoja atafute mtu. Siyo wa macho, siyo bosi. Mtu tu, wa kukaa naye siku ngumu.

"Na wewe utamtafuta nani?" nikamuuliza, nikimenya chungwa.

Akaniambia bibi wa Mashewa ametuma salamu. Anataka jicho la pili lipasuliwe. Aliambiwa aende Moshi, amekataa. Anasema aliyeanza amalize. Na anasema safari hii simu hapokei, atalala hapo hapo hospitali mpaka daktari amchoke.

"Umemjibu nini?"

"Nimesema aje." Alikuwa anaongea na begi. "Naogopa, fundi. Nikishika kisu mkono unakumbuka."

Gari la Handeni likaita. Hatukuinuka. Likaondoka. Ndipo akaniangalia, machoni, sijui kama nilishawahi kuyaona yale macho, mekundu, madogo, yana kope za kitoto.

"Siku ya kufungua bandeji uje. Huna la kufanya. Uje ukae tu."

Mimi! Handeni ina masheikh, ina wachungaji, ina walimu wakuu wastaafu wenye busara za kugawa bure. Kaniona mimi, mtu ambaye msibani huwa wananikalisha mbali na wafiwa nisije nikawachekesha. Nikamwambia nitakuja. Sikuweka utani.

Siku ya bandeji nilifunga kibanda, nikaenda. Chumba kina harufu ya spiriti, kina kitanda kimoja, kiti kimoja, muuguzi mmoja na ile karatasi ya meza ukutani. Nikakaa kwenye benchi pembeni, nikaweka mikono mapajani kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Bibi alikuwa keshakalishwa kwenye kiti. Mdogo, mwembamba, kajifunga kitenge mpaka kidevuni, jicho la kushoto lina bandeji, la kulia limefumba moja kwa moja. Dokta akaingia. Hakumuuliza habari. Alimsalimia shikamoo, akaanza kubandua plasta taratibu, na mimi kutoka pale benchi niliona anashika ncha moja, anaiacha, anashika nyingine.

Bandeji ikatoka. Muuguzi akafuta. Bibi akafumba, akafumbua, akafumba tena. Hakuna aliyepumua, hata mimi, na mimi jicho halikuwa langu.

Akaanza na ukuta. Akaangalia ukuta muda mrefu kama anausoma. Akamwangalia muuguzi. Akaniangalia mimi.

"Huyu mwenye nywele kama ufagio ni nani?"

"Jirani yangu, bibi," dokta akasema.

"Basi anaonekana," bibi akasema. "Wote mnaonekana. Jicho halinichomi, halinivuti, na kama likinivuta nitapiga kelele mpaka mje. Haya, na wewe sogea hapa."

Dokta akasogea. Bibi akatoa mkono kwenye kitenge, akamshika kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, vile vile anavyowageuza yeye wagonjwa wake. Akamkagua. Upande huu, upande ule.

"Siku ile nilipokuona ulikuwa na mashavu," akasema. "Mashavu yako yako wapi?"

Dokta akaisukuma miwani yake juu.

"Nakuuliza, baba. Umekwisha hivi. Sisi wote huku unatuangalia wewe. Wewe nani anakuangalia?"

Nilimwona anafungua mdomo. Nilijua neno linalokuja, nimelisikia kupitia ukutani miaka. Halikutoka. Akajitoa mkononi mwa bibi kwa adabu, akageuka kwenye ndoo ya koki iliyoko pembeni, akafungua, akaanza kunawa mikono, katupa mgongo, mabega yanapanda na kushuka. Muuguzi akajifanya anapanga pamba. Maji yakatoka, yakapungua, yakawa matone, yakaisha, na yeye bado ananawa.

Nikainuka, nikaenda kusimama karibu yake.